Baridi ya Mama na Daftari la Baba

Kipupwe kile nilibishana na mama yangu kuhusu baridi kwa karibu mwezi mzima, na ilibaki kidogo ubishi ule umuue. Nasema tulibishana, lakini ukweli ni kwamba yeye hakuwa anabisha. Yeye alikuwa anasema anasikia baridi, basi. Mbishi nilikuwa mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, fundi wa kufuma masweta ya shule pale Msamala, mtu ambaye alitakiwa kuipenda baridi kwa sababu ndiyo inayomlisha.

Mambo yalianzia kwenye jumuiya, Alhamisi jioni, tumebanana sebuleni kwa mwenyeji wetu, sala imekwisha na chai ya tangawizi inazunguka. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana isipokuwa anapozungumzia hali ya hewa, akasema baridi ya mwaka huu haijawahi kuonekana Songea. Watu wakaitikia kwa pamoja. Mmoja alisema siku hizi anaogopa kunawa uso, mwingine akasema vifaranga vyake vyote vimekufa. Mimi nikacheka. Kila Julai nasikia maneno hayohayo, na ikifika Oktoba jua likianza kutuchoma, maneno hayohayo yanasemwa kuhusu joto. Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima zote, hiyo si kweli, na ninalo daftari la kukuonyesha."

Baba yangu alikuwa mpimaji wa mvua na joto. Siku nilipoanza kuwa na akili ya kukumbuka vitu, uani kwetu Matogoro, chini ya milima, palikuwa tayari pamesimama kisanduku cheupe cha mbao, chenye miguu minne na kuta za vibao vilivyopishana ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani kililala kipimajoto chenye sindano nyeusi, fupi kuliko punje ya mchele. Usiku baridi ikizidi, ile sindano inavutwa kushuka. Asubuhi joto likirudi, sindano inabaki palepale ilipofikia, ikikuonyesha baridi kubwa kuliko zote za usiku ule. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ilisomwa, namba ikaandikwa, sindano ikarudishwa mahali pake. Baba aliandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu: kushoto tarehe na namba, kulia nafasi aliyoipa kichwa cha "Maelezo", ambako aliandika ukungu, upepo, umande, au majani ya maharage kuungua kwa baridi.

Kulikuwa na utaratibu wetu, na haukuvunjwa hata siku ya msiba. Anayesoma anasimama uani na kuitaja kwa sauti namba aliyoiona. Aliye ndani anairudia kwa sauti, ndipo inaandikwa. Na kulikuwa na kauli moja ya baba ambayo sisi watoto tulilelewa nayo kama wengine walivyolelewa na katekisimu: habari za baridi haulizwi mtu, kinaulizwa chombo. Ukimwambia baba unatetemeka, anakuuliza sindano imesoma ngapi.

Baba alikwisha kufariki, na mama aliishi peke yake kwenye nyumba ile. Mwanzoni mwa Julai alianza kunipigia simu kila jioni. Hakuwa mtu wa simu. Alikuwa anasema, "Mwanangu, baridi ya safari hii imeniingia mpaka mifupani," nami nikawa namjibu avae soksi. Nilimfumia sweta zito la uzi mara mbili nikampelekea kwa bodaboda. Siku tatu baadaye akaniuliza kama naweza kumfumia jingine la kuvaa juu ya lile.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye mikorosho yake huko Tunduru, naye alikuwa anapigiwa. Yeye hakujibu habari za soksi. Alisema, "Dada, nikimaliza tu kupulizia mikorosho dawa nakuja kumchukua mama. Huku kuna joto. Huko mtamwua kwa baridi." Akataja na Jumamosi yenyewe, ya mwisho wa mwezi.

Damu ilinichemka. Mimi ndiye niliyebaki Songea, mimi ndiye ninayepanda kwenda Matogoro kila Jumapili na kilo ya sukari na dawa ya meno, halafu mtu anakuja mara moja kwa mwaka na kuniambia kwamba tutamwua mama. Nilijua pia kwamba mama akishapanda basi la Tunduru harudi tena, na nyumba ile itabaki na popo. Sikutaka. Kwa hiyo nikafanya alichonifundisha baba. Nikaamua kukiuliza chombo. Nikihakikisha kwa namba kwamba kipupwe hiki si kikali kuliko vya zamani, mdogo wangu hatakuwa na sababu, mwenyekiti wa jumuiya atanyamaza, na mama atatulia nyumbani kwake. Nilifunga mizigo yangu ya uzi, nikahamia Matogoro. Mchana nilishuka Msamala kwenye mashine zangu, jioni nilirudi.

Asubuhi ya kwanza nilikwama. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba, na nilipofungua mlango wa kisanduku niligundua kwamba sijui kurudisha ile sindano. Nilikuwa nimesikia namba zake zikitajwa mara elfu nikiwa kitandani, lakini chombo chenyewe sikuwahi kukishika. Nikamwita mama. Alitoka polepole, sweta mbili, kitenge kiunoni, kitenge kichwani, blanketi juu ya vyote, akiburuza ndara.

"Jicho lako liwe sawa na sindano," alisema. "Ukiangalia kwa juu utadanganyika. Haya, sasa kiinamishe. Taratibu. Umeiona inateleza?"

Alikishika yeye, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kukivunja, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Niliona unatetemeka. Nilisema moyoni kwamba ni uzee, nikaitaja namba kwa sauti, kwa mzaha, kana kwamba baba yuko ndani: "Kumi na moja!" Mama akarudi jikoni kwenye moto wake, na kutoka kule, kwa mazoea ya miaka mingi, akaitikia: "Kumi na moja." Nilifurahi sana. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari la baba, nikaandika. Kwenye Maelezo nikaandika ukungu hadi saa mbili, na kwa utani nikaongeza: "Mama sweta mbili na blanketi."

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi uani, yeye jikoni, namba inakwenda na kurudi. Kwenye Maelezo sikuacha utani wangu, maana nilitaka siku moja tucheke pamoja. Niliandika siku aliyovaa soksi mikononi. Niliandika siku aliyokataa uji, akasema tumbo limejaa. Niliandika siku aliyosimama njiani kutoka chooni akiwa ameshikilia mpapai, akasema anapumzika tu. Nikaweka na alama ya mshangao mbele yake.

Jioni moja nilirudi mapema na sikumkuta jikoni. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na chini yake limesukumiwa gunia. Nilisukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na jiko la mkaa linawaka katikati ya sakafu, madirisha yote yamefungwa, na mama amelala amejikunja kando yake. Nilipiga kelele ambazo majirani walizisikia. Nilimshika bega, akafumbua macho, akaniuliza kuna nini. Nililitoa jiko nje kwa mikono miwili, likaniunguza kidole, na nilipolitua nikaanza kumgombeza mama yangu kama ninavyowagombeza wateja wanaotaka sweta la siku moja. Nilimwambia kila kipupwe watu wanazikwa kwa ajili ya ujinga huu. Nilimwambia nje kuna nyuzi kumi na mbili, si barafu, na kwamba zamani kulikuwa na baridi zaidi na hakuna aliyelala na jiko.

Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Haya, mama. Basi nipashie hata tofali, nilifunge kitambaa nilikumbatie."

Nilimpashia. Mpaka leo najua kwamba kuhusu lile jiko nilikuwa na haki, na kwamba haki yangu ilinipumbaza. Mtu anayeweza kufunga dirisha na kulala na mkaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha tangu utotoni tusifanye hivyo, alitakiwa kuulizwa kwa nini. Sikumuuliza.

Mdogo wangu nilikuwa namtumia picha za kurasa, za zamani na za sasa, nimezungushia kalamu nyekundu. Alinipigia akiwa shambani, nasikia mashine ya kupulizia inaunguruma nyuma yake.

"Dada, mimi sikuulizi daftari," alisema. "Nakuuliza mama. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anadeka tu."

"Anakula?"

"Anakula kama ndege, ndivyo wazee walivyo. Wewe pulizia mikorosho yako."

Jumapili iliyofuata mama hakwenda misa. Mama yangu, ambaye aliwahi kwenda kanisani na mguu uliotenguka, alisema njia ya kwenda kanisani siku hizi imekuwa na mlima. Njia ile haina mlima wa kutajika. Nilikwenda peke yangu, nikaombea mambo yangu, nikarudi, nikaandika: "Anga safi. Mama hakwenda misa."

Alhamisi, siku mbili kabla ya mdogo wangu kuja, niliona ushahidi umetosha. Sikushuka Msamala; baada ya chakula cha mchana nilimwomba mama akae nami mezani. Alikuja na blanketi lake. Nikafungua daftari pale palipo na alama, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kama karani wa mahakama. Nilimsomea Julai ya mwaka nilioanza darasa la kwanza: nane, saba, tisa, saba. Nikamsomea Julai ya mwaka mdogo wangu alipozaliwa, ambayo baba aliandika kwamba maharage ya bondeni yote yameungua. Halafu nikamsomea ya mwaka huu: kumi na moja, kumi, kumi na mbili, kumi na moja. Hakuna asubuhi hata moja iliyoshuka chini ya kumi.

"Umeona, mama?" nilisema. "Chombo kilekile, kisanduku kilekile, saa ileile. Baridi ya sasa ni ndogo kuliko ya zamani. Huna haja ya kwenda Tunduru."

Nilikuwa nimeshinda. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Mama aliangalia ukurasa kwa muda, akaweka kidole chake kwenye zile saba za zamani.

"Hizi nilizisoma mimi," alisema.

"Zipi?"

"Zote. Baba yako macho yake yalikuwa hayaoni kitu kidogo, na miwani hakutaka, aliona aibu. Nilikuwa natoka mimi, nasoma, napaza sauti. Yeye anaandika. Nilikuwa natoka na kanga moja tu, peku, majani yamelowa umande. Nikimaliza naenda kisimani." Akavuta pumzi kwanza. "Sikuwahi kusikia baridi, mwanangu. Nilikuwa naona tu namba."

Miaka yote ile nilikuwa naliita daftari la baba.

"Sasa wewe umesoma," akaendelea. "Unasema nje kuna joto kuliko wakati ule. Mimi nakubali, chombo hakisemi uongo. Basi niambie, mbona mimi nasikia baridi hivi?"

Aliniuliza akiniangalia usoni, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Swali lenyewe ndilo hilo. Alikuwa amenipa jibu mkononi, limemenywa, nilitakiwa kulitia mdomoni tu. Nami nikafunga daftari, nikasema:

"Ni uzee, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaomba nimsaidie kuinuka.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na ukungu. Mlima wote ulionekana, na hewa ilikuwa na uvuguvugu ambao sikuuona mwezi mzima. Nilifungua kisanduku, nikaweka jicho sawa na sindano, nikapaza sauti: "Kumi na tatu!"

Jikoni kimya.

"Mama, kumi na tatu!"

Kimya. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jikoni kama kawaida, kwa hiyo nilijua ameamka. Sasa naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mdogo wangu. Sikwenda kumwangalia. Niliandika kwanza. Nilisimama pale uani, daftari juu ya kisanduku, nikaandika kumi na tatu kwa mwandiko mzuri, kwa sababu namba haiachwi ikae kichwani. Halafu nikahamia upande wa kulia, kwenye Maelezo, nikaanza kuandika: "Mama haja..."

Kalamu ikasimama. Macho yangu yakapanda juu kwenye mstari ule wa kulia, ambao kwa mwezi mzima sikuwahi kuusoma, nilikuwa nauandika tu. Mama hakwenda misa. Mama amelala na jiko. Mama ameshikilia mpapai. Mama hakunywa uji. Mama soksi mikononi. Kushoto, namba zilikuwa zinacheza palepale, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na leo zimepanda. Kulia, mtu alikuwa anashuka siku hadi siku, na aliyeandika ni mimi, kwa mkono wangu, na alama za mshangao nimeweka. Kama baridi ya nje haijazidi, basi iliyozidi ni ya ndani yake. Nilikuwa nimelithibitisha hilo vizuri kabisa. Nilitupa kalamu.

Alikuwa amekaa sakafuni karibu mno na mafiga, mpaka pindo la blanketi lilikuwa limeanza kufuka. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa inatembea, na nilipoinama nikasikia anasema, "Kumi na tatu," bila sauti. Alikuwa ameniitikia. Nilimvuta kutoka kwenye moto, nikashika mkono wake nikaugeuza, nikaona kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Kucha nyeupe. Nilivuta kope la chini kama walivyokuwa wanatufanyia kliniki, na mle ndani ambamo panatakiwa kuwa pekundu hapakuwa na wekundu wowote.

Sikumbuki jinsi nilivyompata jirani mwenye bajaji. Nakumbuka nimempakata mama, mwanamke mzima, kama mtoto mchanga, na kwamba alikuwa mwepesi, na kwamba nilivua viatu vyangu nikamvalisha yeye ingawa alikuwa na vyake. Njia nzima nilikuwa naongea. Nilimwambia tumefika kwenye lami, tumefika sokoni, tunaingia getini. Kila mara aliponyamaza nilimtingisha bega kwa nguvu, jirani akawa ananitazama kwenye kioo.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Alimshika kiganja kama nilivyofanya mimi, akaagiza damu ipimwe haraka. Halafu akanigeukia.

"Hali hii imeanza lini?"

Ndipo nilipogundua kwamba nimebeba daftari kwapani. Nilimfungulia ukurasa. Akasoma upande wa kulia, kuanzia juu mpaka kwenye sentensi isiyokwisha, kidole kikifuata mstari.

"Na huku kushoto ni nini?"

"Joto la nje. Kila asubuhi."

"Hilo tuliache," alisema, bila ubaya wowote, akageuza daftari ili upande ule usimsumbue.

Alimuuliza mama maswali karibu na sikio. Anameza dawa gani? Mama akasema dawa za magoti, zile za duka la dawa, kutwa mara tatu, tangu mavuno ya mahindi. Anameza na chakula? Wakati mwingine. Choo chake ni cha rangi gani? Mama akaniangalia, akafumba macho. Daktari akaniomba nisogee. Nilipokuwa nimesimama nyuma ya pazia nilisikia kila kitu, kwamba choo kimekuwa cheusi kama lami kwa zaidi ya mwezi, na nilimsikia mama akisema kwa sauti ya kuomba radhi, "Sasa binti yangu, ningeanzaje kumsimulia mwanangu habari za choo? Nilimwambia tu kwamba nasikia baridi." Kwa mama zetu wa huku hilo halisemeki mbele ya mtoto, hata mtoto akiwa na mvi. Alinipa lile lililosemeka, na mimi nikalipima na kulikataa.

Alikuwa anavuja damu tumboni, kidogo kidogo, kwa vidonda vilivyoletwa na zile dawa. Majibu ya kipimo yalipokuja daktari hakuyasoma kwa sauti. Alisema tu kwamba mtu mwenye damu kiasi kile hatakiwi hata kukaa, achilia mbali kutembea mpaka chooni, na kwamba hakuna blanketi duniani ambalo lingempasha. Ilihitajika damu, chupa tatu kwa kuanzia. Ya kundi lake ilikuwepo moja.

Nilikunja mkono wa sweta palepale, nikasema chukueni yangu, chukueni yote. Wakatoa tone wakapima. Kundi langu si lake. Nilimwambia mtaalamu arudie, akarudia kwa huruma, jibu likawa lilelile. Nilisimama kwenye ule mlango wa maabara na mkono wangu umekunjwa na pamba kwenye kidole, na katika maisha yangu sijawahi kujiona sifai kama siku ile.

Nilimpigia mdogo wangu. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Mama anakufa, njoo, na damu yako." Hakuniuliza swali. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameshafika stendi, hakungoja Jumamosi, kwa sababu lile jibu langu la kudeka halikumwingia akilini. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka alasiri nikihesabu matone yanayoshuka kwenye mpira wa chupa ya kwanza. Ilipokwisha, chupa tupu ilibaki inaning'inia, na mama alikuwa bado anatetemeka chini ya mablanketi manne. Muuguzi alipita mara mbili kumwangalia kope, na mara zote mbili aliondoka kwa haraka kuliko alivyokuja. Nilikuwa nashika miguu ya mama. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaanza upya.

Mdogo wangu aliingia na vumbi la njia nzima mwilini na harufu ya dawa ya mikorosho kwenye shati. Hakunisalimia. Alikuwa ameshakunja mkono tangu getini. Kundi lake lilikuwa lilelile la mama. Alipotoka alikaa kwenye benchi langu, ametoka na soda wanayompa mtoaji, akanipa mimi ninywe nusu. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Mimi nilitaka kumpakia kwenye basi, dada. Saa ngapi njiani, na hali ile. Wote tulikuwa tunasema habari za hali ya hewa." Sikuongeza. Hata leo hajui kwamba niliandika kwanza.

Damu yake ilipimwa, ikapita, ikaning'inizwa jioni ileile. Ya tatu ilipatikana Jumamosi, kwa mwenyekiti wa jumuiya, aliyeleta waumini sita na kijana mmoja kati yao akawa wa kundi lile. Yule mzee alinisalimia kwa upole, hakutaja baridi, na nilishukuru.

Jumapili mchana, mdogo wangu amelala kwenye benchi nje, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Mama alikuwa amelala kwa utulivu, mablanketi matatu ameyasukuma mwenyewe mpaka miguuni, amebaki na shuka. Midomo yake ilikuwa imepata rangi. Niliingiza mikono yangu chini ya shuka, nikashika ya kwake miwili nikaibana katikati ya viganja vyangu, kama nilivyokuwa nafanya tangu Ijumaa ili kumpasha.

Alifumbua macho, akakunja uso.

"Toa mikono yako," alisema. "Ina baridi."

Niliitoa haraka, nikaikalia, nikaanza kulia kwa sauti, nikalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajiinua kwa kiwiko na kuuliza kama mama amefariki.